Ishara Isiyonyamaza: Vichocheo vya Ukuaji, Kipokezi cha HER2 na Saratani ya Matiti

Utangulizi

Mwili wa mtu mzima hukua kwa kiasi na kwa wakati. Ngozi ya kiganja hujifanya upya bila sisi kutambua, kidonda huziba, na titi la mama mjamzito huongezeka tishu za kutengeneza maziwa. Kazi ikikamilika, ukuaji husimama. Jambo la kustaajabisha zaidi ni huko kusimama: seli zilizokuwa zikigawanyika kwa kasi hupokea taarifa kwamba kazi imekwisha, nazo hutii. Saratani huanza pale utii huo unapovunjika.

Kwa miaka mingi tabibu aliiona saratani kwa umbo lake tu, yaani uvimbe, kidonda au tezi iliyovimba. Alikata, alichoma kwa mionzi, au alitoa dawa zinazoua kila seli inayogawanyika, iwe ya ugonjwa au ya afya. Katika nusu ya pili ya karne ya ishirini, wataalamu wa baiolojia ya molekuli waliuliza swali jingine: seli ya saratani husikia ishara gani, na kwa nini ishara hiyo hainyamazi?

Makala haya yanafuata jibu moja la swali hilo kupitia kazi ya mtafiti Axel Ullrich na wenzake kuhusu kipokezi kiitwacho HER2. Lengo ni msomaji aelewe mambo matatu: jinsi ishara ya ukuaji inavyosafiri ndani ya seli, jinsi HER2 inavyoivuruga, na kwa nini elimu hii yote hutegemea namna kipande cha tishu kinavyotunzwa tangu dakika kinapotoka mwilini.

Kichocheo cha ukuaji ni nini?

Kichocheo cha ukuaji ni protini ndogo inayotolewa na seli ili kuziamuru seli nyingine zigawanyike, zikomae au ziendelee kuishi. Miongoni mwa vya kwanza kufahamika ni kile cha ngozi ya juu, kinachojulikana kwa ufupisho EGF. Kiligunduliwa na Stanley Cohen wa Marekani alipokuwa akichunguza maji yaliyokamuliwa kutoka tezi za mate za panya. Aliwadunga vitoto vya panya maji hayo, akaona kwamba kope zao zilifunguka mapema, takribani siku ya saba badala ya wiki mbili, na meno yao pia yakachomoza kabla ya wakati. Mtafiti mwingine angeweza kulipuuza jambo hilo. Cohen aliitafuta protini iliyolisababisha, akaitenga na kuitangaza mwaka 1962. Baadaye ilijulikana kwamba imeundwa kwa asidi amino 53 tu. Mwaka 1986 Cohen alitunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Rita Levi-Montalcini wa Italia, mgunduzi wa kichocheo cha ukuaji wa neva.

Kichocheo hakiingii ndani ya seli kutoa amri yake. Hubisha hodi mlangoni, na mlango huo ni kipokezi: protini ndefu iliyopenya utando wa seli kutoka nje hadi ndani. Kipokezi cha jamii hii kina sehemu tatu. Sehemu ya nje hunasa kichocheo. Sehemu ya kati, iliyo fupi, hukaa ndani ya utando. Sehemu ya ndani ni kimeng'enya cha aina ya kinasi, ambacho kazi yake ni kubandika fosfeti kwenye asidi amino iitwayo tairosini.

Kichocheo kinaponaswa, vipokezi viwili hukutana na kuungana, na kila kimoja humbandikia mwenzake fosfeti. Alama hizo huwa mahali pa kushika kwa protini nyingine zilizomo ndani ya seli, nazo huipokezana taarifa hadi kwenye kiini. Njia mbili ni muhimu kuzikumbuka. Ya kwanza hupitia protini iitwayo Ras na huhimiza seli igawanyike. Ya pili hupitia kimeng'enya kiitwacho PI3K na huiwezesha seli kuepuka kifo.

Katika seli yenye afya, ishara hii ina mwisho. Vimeng'enya vingine huzibandua fosfeti, na kipokezi chenyewe huvutwa ndani ya seli na kuvunjwavunjwa. Mwisho huo ni sehemu ya ujumbe kama ulivyo mwanzo wake.

Kutoka kirusi cha kuku hadi jeni ya binadamu

Axel Ullrich, Mjerumani aliyezaliwa mwaka 1943, alisomea baiokemia na kupata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Heidelberg. Alikwenda California, akashiriki katika kazi za mwanzo za kunakili jeni ya insulini ya panya, kisha akajiunga na kampuni changa ya Genentech. Umahiri wake ulikuwa kuisoma jeni herufi kwa herufi, wakati ambapo kazi hiyo ilichukua miezi mingi ya mikono na macho.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Michael Waterfield na wenzake jijini London waliweza kusafisha kipokezi cha EGF na kusoma vipande vya mpangilio wa asidi amino zake. Walipovilinganisha na protini zilizokwisha kujulikana, walikuta vinafanana sana na protini ya kirusi kinachowasababishia kuku saratani ya damu. Matokeo hayo, ambayo Ullrich alishiriki kuyaandika, yalitangazwa mwaka 1984. Mwaka huohuo kundi la Ullrich lilitangaza mpangilio kamili wa kipokezi hicho cha binadamu.

Maana yake ilikuwa nzito. Kirusi kile kilikuwa kimebeba jeni ya kipokezi cha mwenyeji wake, lakini sehemu kubwa ya nje ilikuwa imekatika. Kilichobaki ni kimeng'enya cha ndani kisichongoja kichocheo chochote. Ni sawa na mlinzi aliyepoteza masikio lakini anaendelea kupiga kengele usiku na mchana. Kwa mara ya kwanza ilionekana wazi kwamba jeni ya saratani inaweza kuwa jeni ya kawaida ya kipokezi cha ukuaji iliyoharibika.

Ullrich aliuliza kama kipokezi hicho kina ndugu. Kwa kutumia mpangilio alioujua kama chambo, yeye na wenzake waliinasa jeni nyingine inayofanana nacho katika kromosomu ya 17. Waliitangaza mwaka 1985 na kuiita HER2, yaani kipokezi cha pili cha jamii ya EGF cha binadamu. Makundi mengine ya watafiti yaliifikia jeni hiyohiyo kwa njia zao katika kipindi hichohicho. Ilibainika pia kwamba ndiyo jeni iliyokuwa imeonekana katika uvimbe wa neva wa panya kwenye maabara ya Robert Weinberg huko Marekani, ambako iliitwa neu.

Maabara yakutana na wodi

Jeni mpya bila ugonjwa hubaki habari ya maabara. Dennis Slamon, daktari wa saratani katika Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, alikuwa amekusanya vipande vya uvimbe kutoka kwa wagonjwa wengi, na Ullrich alikuwa na jeni. Waliunganisha vitu hivyo viwili. Mwaka 1987 walitangaza kwamba katika uvimbe 189 wa saratani ya matiti, takribani asilimia 30 ulikuwa na nakala za ziada za jeni ya HER2. Wanawake wenye uvimbe wa namna hiyo walirudiwa na ugonjwa mapema zaidi na kuishi muda mfupi zaidi. Tafiti za baadaye zimeonesha kuwa sehemu hiyo ni takribani asilimia 15 hadi 20 ya saratani zote za matiti.

Hapo lilizuka swali ambalo kila mwanafunzi wa tiba anapaswa kujifunza kuliuliza: je, nakala hizo za ziada ndizo zinazosababisha ukali wa ugonjwa, au zimeandamana nao tu? Jibu halikupatikana kwa kuhesabu wagonjwa peke yake. Watafiti waliingiza wingi wa HER2 katika seli za kawaida za panya, na seli hizo zikageuka na kuota uvimbe. Kisha, pamoja na Michael Shepard wa Genentech, walitengeneza kingamwili zinazoshika sehemu ya nje ya HER2. Mwaka 1989 walionesha kuwa moja ya kingamwili hizo ilizuia ukuaji wa seli za saratani ya matiti zenye wingi wa HER2. Ukiongeza chanzo ugonjwa unatokea, ukikizuia unapungua: huo ndio ushahidi wa usababishi.

Kingamwili hiyo ilikuwa ya panya, na mwili wa binadamu ungeipinga kama mgeni. Ikabidi sehemu zake zinazoshika HER2 zipandikizwe katika kiunzi cha kingamwili ya binadamu, kazi iliyotangazwa mwaka 1992. Dawa iliyozaliwa ni trastuzumabu, iliyoidhinishwa nchini Marekani Septemba 1998. Mwaka 2019, Ullrich, Slamon na Shepard walitunukiwa Tuzo ya Lasker kwa kazi hii.

Kwa nini HER2 ni kipokezi hatari?

HER2 ina tabia mbili zinazoitofautisha na ndugu zake. Kwanza, haina kichocheo chake chenyewe kinachojulikana. Umbo lake la nje daima liko wazi, tayari kuungana na mwenzake. Pili, huvutwa ndani na kuvunjwa polepole kuliko kipokezi cha EGF, hivyo ishara yake hudumu.

Katika seli ya kawaida yenye nakala mbili za jeni, tabia hizo hazileti madhara, kwa sababu vipokezi vyenyewe ni vichache. Jeni inapojirudufu mara nyingi, idadi ya vipokezi juu ya seli moja huweza kupanda kutoka makumi ya maelfu hadi takribani milioni mbili. Vikiwa vimesongamana kiasi hicho, vipokezi hukutana bila kualikwa na kichocheo. Seli huamriwa kugawanyika ilhali hakuna aliyetoa amri.

Trastuzumabu hushika sehemu ya nje ya kipokezi karibu na utando. Hudhoofisha ishara, na pia huitia seli alama ili chembe za kinga za mwili ziitambue na kuiua. Katika utafiti uliotangazwa mwaka 2001, wanawake 469 wenye saratani ya matiti iliyosambaa na yenye wingi wa HER2 walipewa tibakemikali peke yake au pamoja na trastuzumabu. Muda wa kati kabla ugonjwa haujaendelea ulikuwa miezi 4.6 kwa kundi la kwanza na 7.4 kwa la pili. Muda wa kati wa kuishi uliongezeka kutoka miezi 20.3 hadi 25.1. Faida kubwa zaidi ilionekana mwaka 2005, tafiti zilipotumia dawa hii mapema, baada ya upasuaji. Marudio ya ugonjwa yalipungua kwa karibu nusu.

Dawa ina gharama yake mwilini. Misuli ya moyo nayo hutegemea ishara ya HER2 ili kustahimili mikiki. Ndiyo maana katika utafiti ule wa 2001, udhaifu wa moyo ulionekana kwa asilimia 27 ya waliopewa trastuzumabu pamoja na dawa za kundi la antrasaiklini. Tangu hapo kanuni ni kutozitoa kwa pamoja bila sababu mahususi, na kupima nguvu ya moyo kwa mawimbi ya sauti kabla ya kuanza tiba na takribani kila miezi mitatu wakati wa tiba.

Kipande cha tishu ndicho kinachoamua

Kila kilichoelezwa hadi hapa kina sharti moja: tujue ni mgonjwa yupi mwenye wingi wa HER2. Trastuzumabu haimsaidii mgonjwa asiye na wingi wa kipokezi hicho. Wala daktari hawezi kumtambua kwa kushika uvimbe, kwa umri wa mgonjwa, au kwa ukali wa maumivu. Njia ni kupima tishu.

Katika maabara ya patholojia, tishu hukatwa nyembamba na kutiwa kingamwili yenye rangi inayoshika HER2. Matokeo hupewa alama. Alama 0 na 1+ huhesabiwa kuwa hasi. Alama 3+, ambapo utando wote umezungukwa na rangi nzito katika zaidi ya asilimia 10 ya seli za saratani, ni chanya. Alama 2+ haina uamuzi na huhitaji kipimo kingine, kwa kawaida FISH, ambacho huhesabu nakala za jeni kwa kutumia vialama ving'aavyo.

Kipimo hiki huweza kupotoka kabla sampuli haijafika maabara. Tishu ikikatwa kutoka mwilini hukosa damu, na protini zake huanza kuharibika mara moja. Fomalini ikiwa kidogo au ikikaa muda mfupi, sehemu ya ndani ya kipande huoza. Sampuli ikikaa humo kwa muda mrefu mno, protini hufungamana kiasi cha kuificha HER2. Kwa sababu hiyo wahudumu wa chumba cha upasuaji, wa kliniki na wa usafirishaji wazingatie yafuatayo:

1. Sampuli iingie katika fomalini ya asilimia 10 iliyosawazishwa, ndani ya saa moja tangu itoke mwilini.
2. Fomalini iwe angalau mara kumi ya ujazo wa sampuli, katika chombo chenye mdomo mpana. Titi zima lisisukumizwe katika chupa ndogo.
3. Sampuli kubwa ipasuliwe vipande vyembamba ili fomalini ipenye hadi katikati.
4. Muda wa kukaa katika fomalini usipungue saa 6 wala usizidi saa 72.
5. Saa ya kutoka mwilini na saa ya kuingia katika fomalini ziandikwe kwenye fomu, pamoja na jina na namba ya mgonjwa kwenye chombo chenyewe, si kwenye kifuniko.

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Sampuli isiyo na saa iliyoandikwa hupotea vivyo hivyo. Mtaalamu wa patholojia huona rangi hafifu, naye hawezi kujua kama ni hali ya ugonjwa au ni matokeo ya siku nne za safari. Jibu la hasi lisilo la kweli humnyima mwanamke dawa ambayo ingepunguza kwa karibu nusu uwezekano wa ugonjwa kumrudia. Jibu la chanya lisilo la kweli humpa mwaka mzima wa dripu za gharama na hatari ya moyo bila faida. Makosa yote mawili hayaonekani kwa macho, na mgonjwa hawezi kuyalalamikia kwa kuwa hayajui.

Nchini Tanzania, saratani ya matiti ni ya pili kwa wingi miongoni mwa wanawake baada ya ile ya mlango wa kizazi, na wengi hufika hospitalini ugonjwa ukiwa umeshasonga mbele. Sampuli nyingi huchukuliwa mbali na maabara yenye uwezo wa kipimo hiki. Shirika la Afya Duniani liliiweka trastuzumabu katika orodha ya dawa muhimu mwaka 2015, na mwaka 2019 likathibitisha ubora wa dawa mfanano ya kwanza ya trastuzumabu ili bei ipungue. Upatikanaji wa dawa ni mapambano ya sera na bajeti, ila ubora wa sampuli uko mikononi mwetu leo. Chupa ya fomalini, kalamu na saa ya ukutani vinapatikana hata katika hospitali ya wilaya.

Maswali yanayoulizwa na familia

Je, binti zangu watarithi HER2? Wingi wa HER2 hutokea ndani ya seli za uvimbe katika maisha ya mgonjwa. Haupitishwi kwa watoto. Zipo saratani za matiti zinazohusiana na jeni za kurithi, kama BRCA1 na BRCA2, lakini hilo ni jambo tofauti. Ikiwa ndugu kadhaa wa damu wameugua, wakiwa vijana hasa, daktari aelezwe.

Je, uvimbe ukiguswa na kisu au sindano, saratani husambaa? Hofu hii imewafanya wengi wakatae kipimo na kuondoka. Kuchukua kipande kwa utaratibu sahihi hakufupishi maisha ya mgonjwa. Kinachofupisha maisha ni kuchelewa, na kutibiwa kwa kubahatisha.

Je, HER2 chanya ni hukumu? Mwaka 1987 ilikuwa dalili ya ugonjwa mkali wenye matumaini haba. Leo, kwa anayewahi na kupata tiba kamili, ni miongoni mwa aina za saratani ya matiti zinazoitikia tiba vizuri. Ukali wa ishara umegeuka kuwa udhaifu wa ugonjwa, kwa kuwa tunajua mahali pa kuukabili.

Hitimisho

Kutoka kope za vitoto vya panya mwaka 1962 hadi dawa mwaka 1998 ilipita miaka 36. Cohen hakuwa akitafuta dawa ya saratani, Ullrich alianza na insulini, na kirusi cha kuku hakikuonekana kumhusu mwanamke yeyote. Kila mmoja aliandika kwa usahihi alichokiona, na usahihi huo ndio uliomwezesha aliyefuata kujenga juu yake. Muuguzi anayeandika saa ya sampuli kwenye fomu anaendeleza kazi hiyohiyo. Bila yeye, mnyororo wote hukatika hatua chache kabla ya kumfikia mgonjwa.

Maswali ya kujipima

1. Eleza njia mbili ambazo seli yenye afya huzitumia kuizima ishara ya kichocheo cha ukuaji.
2. Kwa nini wingi wa vipokezi vya HER2 huzalisha ishara hata pasipo kichocheo?
3. Ni ushahidi gani ulioonesha kwamba HER2 husababisha ukali wa ugonjwa, badala ya kuandamana nao tu?
4. Sampuli ya titi imetolewa Ijumaa alasiri, na gari la maabara litaondoka Jumanne asubuhi. Pangeni, pamoja na wenzenu kazini, hatua za kuhakikisha kwamba kipimo cha HER2 kitaaminika.